Shangazi Ungo na Uji wa Kumbikumbi

Ukitaka kujua kwa nini mpishi wa wodi ya watoto aliitwa Shangazi Ungo, ilitosha kusimama mlangoni mwa jiko la hospitali asubuhi moja tu, umwone anavyopepeta. Wapo wanaopepeta kwa mabega, wanarusha kama wanafukuza nzi. Yeye alipepeta kwa viwiko na viganja. Mwili umetulia tuli, macho yako kwenye sufuria, mdomo unamgombeza mtu, na ungo unakwenda wenyewe, shwa, shwa, shwa, makapi yanaruka nje na kilicho chema kinabaki katikati. Hakuna aliyewahi kumwona akiutazama ungo wake. Angeutazama wa nini? Mikono ilikuwa na miaka sitini na mitatu, ilishajua kazi.

Na ushangazi? Huo alipewa na wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka daktari mfawidhi, kwa kuwa alikuwa na tabia ya shangazi wa kweli: akikupenda, anakusema.

Jiko lenyewe lilikuwa jengo refu la matofali, bati jeusi kwa moshi, mafiga matatu ya saruji na sufuria tatu kubwa zenye matumbo kama wazee wa baraza. Dirisha lake lilitazamana na dirisha la wodi. Mama waliolazwa na watoto wao walikuwa wakiangalia moshi, ukigeuka mweupe wanasema, "Haya, jamani, uji umeiva." Mwenzake wa kazi alikuwa mwanamume mnene kuliko mlango, mwenye watoto wanne na kicheko cha watu kumi, ambaye watu walimbatiza jina la Mwembamba. Walipika pamoja miaka kumi na minne na hawakupitisha siku bila kutaniana.

Shangazi hakusoma sana. Alifika darasa la nne, baba akafariki, madaftari yakageuka karatasi za kuwashia moto. Lakini kichwa chake kilikuwa kabati. Alichokiweka humo hakikupotea, na kimoja alichokiweka akiwa na miaka saba ni mwaka ule ambao mvua haikunyesha kwa misimu miwili, ng'ombe wakabaki mifupa, mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti. Watoto wa jirani walivimba miguu, nywele zikawa nyekundu na laini kama za mahindi mabichi. Kwao walikuwa tisa, na hakuvimba hata mmoja. Mama yao alikuwa na vyungu viwili vya kumbikumbi waliokaushwa, alivyovijaza msimu wa mwisho wa mvua huku wenzake wakimcheka kwamba anahangaika na wadudu kama kuku. Kila siku kila mtoto alipata kiganja kimoja. Kimoja, basi. Wakila, wanakunywa maji, wanakwenda kucheza. Kucheza! Katika mwaka ule!

Shangazi hakusahau. Shuleni walipoitwa "wala wadudu" alipigana mara mbili, akashinda mara moja, na hakuacha kula.

Sasa basi, mwaka huo wa habari hii, mtoto aliyemkosesha Shangazi usingizi alikuwa mjukuu wa Babu Dobi. Babu Dobi ndiye aliyefua mashuka ya hospitali nzima. Vidole vyake vilikunjamana kwa sabuni kama vya mtu aliyetoka mtoni wakati wote. Binti yake alifariki akamwachia mtoto wa kike, na mtoto huyo, akiwa na miaka miwili na nusu, alikuwa na kilo saba na gramu mia mbili. Wauguzi walimwita Bibi Harusi, maana alikuwa anainamisha macho, hasemi, hacheki, na chakula kikiletwa anageuza uso pembeni. Ule utepe wa rangi wanaowapima nao watoto mkono, kwake ulisimama kwenye nyekundu wala haukuwa na mpango wa kuhama.

Maziwa maalumu ya wiki za kwanza alikuwa amemaliza. Kilichotakiwa ni vile vipakiti vya lishe vya karanga, na vipakiti vilikuwa vimekwama. Mto ulijaa, daraja likakatika, gari la mizigo likabaki ng'ambo ya pili. Uji wa kawaida mtoto alikunywa vijiko vitatu, akafunga mdomo. Maharage ndiyo kabisa.

Afisa Lishe wa hospitali alikuwa binti mdogo mwenye miwani na kalamu nne mfukoni. Alikuja jikoni na kikombe cha uji ambao mtoto ameukataa.

"Mwanangu," Shangazi akamwambia, "tumbo la yule mtoto ni kama kikombe cha kahawa. Wewe unataka kulijaza ndoo. Anataka kitu kidogo chenye nguvu nyingi."

"Najua, Shangazi. Na hicho kitu kiko ng'ambo ya mto."

"Kingine kipo hapa." Shangazi akavuta kopo kutoka rafu ya juu, akafungua. "Onja."

"Nini hiki?"

"Onja kwanza. Jina si la kutafuna."

Binti akachukua kidogo, akatafuna. Akachukua tena, safari hii kwa vidole vyote. "Tamu. Ni karanga hizi?"

"Karanga zenye miguu," Mwembamba akadakia kutoka kwenye mafiga.

Loo! Binti alitoka mbio mpaka kwenye bomba la nje, na huko akasikika anasukutua kama anazindika nyumba. Mwembamba alicheka mpaka akakalia gunia la unga. Shangazi hakucheka. Alimsubiri arudi, macho mekundu, miwani mkononi.

"Wewe unakula kamba wa baharini?" akamuuliza.

"Nakula."

"Kamba ana miguu mingapi?"

Binti akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kumi, na masharubu juu. Na anashinda anaokota uchafu chini ya maji. Huyu wangu ana sita, na anakula miti na majani makavu. Sasa niambie, kati yao nani wa kutemwa?"

Binti huyo alikuwa msomi wa kweli, si wa cheti tu. Msomi wa cheti angenuna. Yeye alivaa miwani, akavuta kiti, akasema, "Hapo umenipata. Lakini umesema jambo kubwa kuliko unavyodhani. Mtu anayewashwa mwili akila kamba, anaweza kuwashwa na hawa pia, maana ni kama ndugu. Kwa hiyo hatumpi mtoto yeyote kabla ya kuuliza na kuanza na kidogo sana."

"Unaona?" Shangazi akamgeukia Mwembamba. "Ndiyo maana watu wanasoma."

Kopo likapelekwa maabara. Majibu yalipofika, Afisa Lishe aliyasoma pale pale jikoni amesimama, sauti inapanda kila mstari. Katika gramu mia za unga ule mkavu, zaidi ya thelathini ni protini, ile ya kujenga mwili. Zaidi ya arobaini ni mafuta, tena mafuta mazuri. Juu yake madini ya chuma ya kuongeza damu, na zinki, ile inayomrudishia mtoto hamu ya kula na kumsaidia kupambana na kuhara.

"Uzani kwa uzani, nyama mbichi haiufikii," akasema.

"Mama yangu hakuwa na maabara," Shangazi akajibu, anakoroga. "Alikuwa na sisi tisa."

Daktari mfawidhi alikubali, lakini kwa masharti. Wangejaribu kwa watoto sita. Kijiko kimoja cha chai ndani ya kikombe cha uji kwanza, siku tatu, halafu viwili. Kila Jumatatu kwenye mizani. Na akamtazama Shangazi usoni: "Likitokea tatizo hata moja, nafunga siku hiyo hiyo."

Kikwazo kikabaki kwa Babu Dobi. Alikuja jikoni na ndoo yake, povu limemfika viwikoni.

"Nimesikia mnataka kumlisha mchumba wangu wadudu. Mjukuu wangu si kuku!"

"Kweli si kuku," Shangazi akamwambia. "Kuku wangu wana mashavu."

"Shangazi, mimi sitanii."

"Wala mimi. Babu, umefua mashuka ya wodi ile miaka mingapi? Unayajua mashuka ya watoto waliopona na ya wale ambao hawakupona. Nipe wiki nne. Akidhurika, njoo unifue mimi, unikamue, unianike kwenye kamba."

Mzee akainua ndoo yake, povu linadondoka sakafuni. Akasema, "Kamba yenyewe haitakubeba," akaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Unga ule ulikuwa na njia yake, na Shangazi hakukubali mtu airuke hatua hata moja. Kumbikumbi wanatumbukizwa kwanza kwenye maji ya moto, mara moja, wanatolewa. Wanakaangwa bila mafuta, kwa kuwa mafuta wanakuja nayo wenyewe. Ukiwaongezea, unga unachacha ndani ya wiki. Wanaanikwa juani mpaka ukimshika mmoja anavunjika kwa sauti. Halafu ungo, kuondoa mabawa. "Bawa halina kazi tumboni," alikuwa akisema, "lilishafanya kazi yake hewani." Ndipo wanatwangwa na kuchekechwa. Na kabla ya yote hayo ilikuwepo kanuni ya mama yake: kichuguu ni kama kisima, huchoti mpaka uulize nani alipita kabla yako.

Siku tatu za kwanza hakuna aliyewashwa wala kuharisha. Siku ya sita, Bibi Harusi alimaliza kikombe, akakigeuza kukitazama chini, kama mtu anayetafuta mlango wa siri. Jumatatu ya kwanza, kilo saba na nusu. Ya pili, saba na mia saba. Shangazi hakwenda kwenye mizani, la hasha, yeye si muuguzi. Ila kila Jumatatu saa nne alikumbuka ghafla kwamba kuna vikombe vilisahaulika wodini. Jumatatu ya nne mshale ulisimama kwenye kilo nane na gramu mia moja, na mtoto aliinua macho akamtazama kila mtu mmoja mmoja kama mkaguzi. Babu Dobi akatoka nje. Walimkuta anafua shuka lililokwisha kufuliwa.

Habari zikasafiri. Barua ikaja kwamba mganga mkuu kutoka makao makuu, yaliyo upande huu wa mto, atafika Alhamisi kuutazama uji huo, aamue kama hospitali nyingine zifuate au mchezo ukome. Na hapo hapo kopo lilikuwa linaonyesha kitako. Unga uliobaki haukutosha siku mbili.

Mvua ikamjibu. Usiku wa kuamkia Jumatano ilinyesha, na asubuhi, jua lilipochomoza, kichuguu kilicho nyuma ya stoo ya hospitali kilifunguka. Walitoka kama moshi wa dhahabu, wakapanda, wakaanguka, wakajaa kwenye majani na udongo. Shangazi alifika na mkeka, beseni na ufagio, na Mwembamba nyuma yake anahema. Ilikuwa neema tupu. Beseni lilijaa, wakaleta la pili. Alizoa hata waliokuwa wakitambaa kwenye udongo kandokando ya mashimo, kitu ambacho siku nyingine asingekifanya.

"Tusimuulize Bwana Stoo?" Mwembamba aliuliza.

"Kumuuliza nini? Kichuguu hiki nimekizoa miaka kumi na minne. Kama si changu, ni cha nani?"

Hilo ndilo kosa lake, na tuliandike kama lilivyo. Alikuwa na kanuni na alikuwa na wageni, akawatanguliza wageni. Alitaka mganga mkuu aone beseni limefurika. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, aliwaambia wenzake miaka yote, na siku ile methali ilikuwa inawahusu wengine.

Wakakaanga, wakaanika mchana kutwa kwenye jua kali, Alhamisi alfajiri akapepeta na kutwanga. Saa tatu uji ulikuwa tayari. Mgeni alishafika, yuko wodini na daktari mfawidhi na wauguzi wamevaa sare zilizonyooka. Mwembamba akabeba sinia la vikombe sita, akatembea kama anabeba mayai. Shangazi akachukua ungo wenye mabawa na takataka, akatoka uani kwenda kumwaga pale alipokuwa amemwaga za kwanza.

Akasimama.

Kawaida, mabawa yakimwagwa, kabla hujageuka sisimizi wameshapanga foleni. Hapa foleni haikuwepo. Akainama. Sisimizi walikuwepo, lakini walikuwa wamelala, miguu juu, wamezunguka lile fungu kama shanga zilizokatika uzi.

Bwana Stoo, mtunza ghala, alikuwa kwenye kizingiti chake anakunywa chai.

"Bwana Stoo! Kichuguu kile umekifanya nini?"

"Mchwa wale, Shangazi? Wamekula fremu ya mlango, wamekula maboksi, juzi wamekula hadi..."

"Nimekuuliza umekifanya nini!"

"Nimekimwagia dawa, nifanye nini tena? Wiki mbili sasa, zile siku mbili ulizokwenda kumuuguza dada yako. Kopo zima. Tena dawa yenyewe ya bure tu, mbona jana wametoka tena?"

Mwanamke yule alikuwa hajakimbia tangu binti yake wa mwisho azaliwe. Siku ile alikimbia. Alipita kwenye kamba za Babu Dobi akaondoka na shuka begani, akapanda ngazi za wodi mbili mbili, kanga imelegea, kiatu kimoja kimebaki uani. Mzee wa watu akamfuata nyuma akidhani ameibiwa.

Wodini, Afisa Lishe alikuwa amekaa kwenye kitanda na Bibi Harusi mapajani, anapuliza uji upoe. Mtoto ameshafungua mdomo.

"Usimpe!"

Alikinyakua kikombe, uji ukammwagikia mkononi, wa moto, hata hakupepesa macho. Akazunguka vitanda vyote sita, akahesabu vikombe kwa kuvigusa, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, vyote vimejaa. Asante moto wa kuni. Uji wake siku zote ulifika wodini ukichemka.

"Kuna nini?" akauliza mganga mkuu. Alikuwa bwana mrefu, mpole wa sauti, daftari mkononi.

Sasa hapo palikuwa na njia mbili, na Mwembamba, aliyesimama na sinia tupu, aliziona zote. Alimkonyeza. Midomo yake ikasema bila sauti: umeungua. Sema umeungua.

Shangazi akamgeukia mgeni. "Mheshimiwa, uji huu hauliwi. Kumbikumbi hawa wametoka kwenye kichuguu kilichomwagiwa dawa ya mchwa. Sikujua. Lakini ilikuwa kazi yangu kujua, na sikuuliza."

Mganga mkuu akasogea, akakitazama kikombe.

"Una uhakika sumu imeingia humu?"

"Sina. Ndiyo maana naumwaga."

"Basi ndiyo hatari ya wadudu hii," mgeni akasema, akiandika.

"Mchicha nao ukipuliziwa dawa leo ukachumwa leo, unadhuru, Mheshimiwa. Mchicha hatujauacha. Tumejifunza kuuliza." Akakishusha kikombe. "Mdudu hana kosa. Mpishi ndiye mwenye kosa."

Mgeni alifunga daftari. Akasema uji huo usimame mpaka atakapoandika barua, akaaga, akaenda zake. Daktari mfawidhi akamsindikiza. Babu Dobi alibaki mlangoni, akatazama kikombe, akatazama mdomo wa mjukuu wake, akakaa chini sakafuni taratibu kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Alasiri wakachimba shimo refu kwenda chini. Uji, unga, beseni mbili za kumbikumbi, vyote vikaingia. Halafu Shangazi akautupa na ungo.

"Huo si unaoshwa?" Mwembamba akasema.

"Nyuzi zake zinanywa. Siuamini tena."

Wakafukia. Mwembamba akaegemea jembe. "Ungesema tu umeungua. Uji unaungua kila siku, nani angejua? Tungepika mwingine kesho kwa kumbikumbi wengine, na yule bwana angeondoka anacheka."

"Na kesho kutwa nikimwambia mama wa mtoto kwamba uji wangu ni salama, nimwambie kwa mdomo upi?"

Mwembamba aliliweka jembe chini. Akaenda akamwandikia Bwana Stoo kwa chaki kwenye mlango wake, herufi kubwa: DAWA YOYOTE, JIKONI WAAMBIWE KWANZA. Bwana Stoo aliyasoma, akaona haya, akaja kuomba radhi na chupa ya chai. Shangazi aliinywa. "Wewe ulilinda mlango wako," akamwambia. "Mimi ndiye sikulinda wangu."

Jumatatu iliyofuata Bibi Harusi alikuwa na kilo nane kamili. Gramu mia zimekwenda. Ukimwambia mtu gramu mia, ni nini? Ni yai moja na nusu. Lakini Shangazi aliziona zilikokwenda. Ziliondoka kwenye mashavu. Na macho ya mtoto yalirudi chini.

Hakukaa kulia. Zamu yake ilipoisha alipanda baiskeli ya Mwembamba, yeye na miaka yake sitini na mitatu, akaenda kwa dada yake, yule aliyemuuguza, anayekaa mbali na mashamba na maghala, kwenye vichaka ambavyo hakuna aliyewahi kuvipulizia hata marashi. Wakazunguka vichuguu wote wawili, dada anatembelea fimbo.

"Hiki nani kakipitia?"

"Mbuzi."

"Na hiki?"

"Mbuzi yule yule. Dada, umekuja kuvuna au kuoa? Maswali haya hata posa haina!"

"Jibu."

"Hakuna mtu. Hapa tuko mimi, mbuzi na Mungu."

Mvua za mwisho zilikuwa bado hazijaisha. Kukesha hawakukesha, walingoja. Asubuhi tatu vichuguu vilinyamaza, ya nne vikafunguka. Wakatandika mkeka juu ya mashimo, wakapokea wanaotoka tu, wa chini hawakuguswa. Aliporudi na makopo mawili, la kwanza alilipeleka kwa Afisa Lishe kabla ya kuvua kilemba.

"Peleka maabara. Safari hii waulize habari ya sumu, si ya protini."

Majibu ya maabara yalitangulia, safi. Barua ya mganga mkuu ikafuata siku ya kumi na mbili. Afisa Lishe aliisoma jikoni: uji uendelee, na ufundishwe kwa hospitali nyingine mbili, kwa masharti haya. Chanzo cha wadudu kijulikane na kuulizwa historia ya dawa. Wadudu waliogusa ardhi wasichukuliwe. Sampuli ya kila mavuno ipimwe. Watoto waanzishwe kidogo kidogo. Mabawa yaondolewe.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, mwiko hewani. "Haya si maneno yangu?"

"Ni yako, Shangazi."

"Nikadhani. Nimeyatambua, ila yamevalishwa tai."

"Kuna mstari mmoja chini, ameuandika kwa mkono." Binti akasogeza karatasi kwenye mwanga. "Anasema mafunzo yatolewe na yule mpishi aliyevua kiatu."

Mwembamba alicheka mpaka uji ukamwagika motoni. Lakini Shangazi alikuwa ameshageuka, anapima kijiko kwenye kikombe cha Bibi Harusi, kimesawazishwa juu kwa kisu.

Mtoto alianza upya na kijiko kimoja, kisha viwili. Nane na mia mbili. Nane na nusu. Daraja lilitengenezwa, vipakiti vikafika, na Afisa Lishe alivigawa pamoja na uji, si badala yake. Wiki ya saba baada ya lile shimo, utepe uliingia kwenye kijani, na mizani ikasema kilo tisa na robo. Muuguzi aliandika "aruhusiwe" kwa maandishi makubwa kuliko kawaida yake.

Babu Dobi alikuja kumchukua mchana, kavaa shati la kupigwa pasi, kifurushi cha nguo mkono mmoja na kopo la unga mkono mwingine. Akamfunga mjukuu mgongoni kwa shuka, akapiga hatua kumi kuelekea getini, akasimama, akashika kiuno.

"Shangazi!" akaita bila kugeuka. "Nilikukabidhi unyoya, umenirudishia gunia. Mgongo wangu ataulipa nani?"

"Una mgongo gani wewe, mzee wa sabuni?" Shangazi alijibu kutoka dirishani. "Mshushe. Ana miguu yake, tena miwili inamtosha."

Mzee alimshusha. Mtoto alisimama kwenye changarawe, akayumba, akashika suruali ya babu yake. Kisha akaiachia. Akatazama geti, akatazama nyuma kwenye madirisha yaliyojaa watu, akaanza kwenda, tumbo mbele, mikono nje kama anayevuka mto. Babu Dobi alitembea polepole nyuma yake, amejikunja tayari kumdaka. Walipokaribia kwa mlinzi, ilibidi mzee aongeze mwendo.